Zimwi la Vumbi Jekundu na Mtama wa Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na shamba!

Na mwenye shamba!

Na mwenye kulila je?

Apite mbali!

Hapiti mbali, wanangu. Laiti angepita. Haya, wewe unayechokoa jivu, acha. Na wewe sogea, mwenzako hana pa kukaa. Hadithi ya leo si ya kuchekacheka, na nikimsikia mtu anacheka nanyamaza, mtalala bila kujua mwisho wake.

Hapo zamani za kale, katika nchi iliyoitwa Ulolwa, watu walilima mtama, na ndani ya kila bua la mtama alikaa bawabu. Ukiweka sikio kwenye bua asubuhi, kabla umande haujakauka, ulimsikia akipumua. Bawabu huyo hakuwa na macho. Alikaa gizani nyuma ya mlango wa jani, akingoja.

Aliyekuwa akingojwa ni zimwi. Lilikaa ng'ambo ya mlima, na jina lake Vumbi Jekundu. Zimwi hilo halikwenda kula lenyewe. Lilizaa. Asubuhi lilizaa, mchana lilizaa, jioni lilizaa. Watoto wake walikuwa wekundu, wadogo kuliko chenga za unga, na upepo ukivuma uliwabeba mpaka Ulolwa.

Kila mtoto alizaliwa na vitu vitatu: njuga mguuni, harufu ya ngozi mbichi mwilini, na ukucha mmoja mrefu. Njuga zilikuwa za kulibembeleza jani lisinzie. Harufu ilikuwa ya kulilevya. Ukucha ulikuwa wa kufungulia mlango. Akishaingia alilila bua kwa ndani, akazaa humo humo, jani likapasuka, likamwaga vumbi jekundu.

Sasa watu wa Ulolwa walikuwa na desturi yao. Mwanamke akiolewa alikuja na kibuyu cha mbegu kutoka kwa mama yake, akapanda kipande chake kwa mbegu hiyo hiyo. Kwa hiyo shamba la Ulolwa lilikuwa viraka viraka: mtama mwekundu hapa, mweupe pale, mfupi huku, mrefu kule. Na mabawabu wao hawakuwa sawa. Kuna aliyejua njuga tu. Kuna aliyejua harufu tu. Kuna aliyejua ukucha tu. Na wapo waliokuwa mabawabu wa kulala, hawajui chochote.

Basi zimwi likituma watoto wake, walikula kiraka hiki wakashindwa kile. Aliyeliwa shamba alikwenda kwa jirani na kapu, akapewa. Hakuna aliyeshiba mpaka akafungua mkanda, na hakuna aliyekufa njaa.

Alikuwepo mwanamke mmoja jina lake Nyamizi. Mumewe alikuwa amekufa kwa kuumwa na nyoka, akamwachia binti mmoja wa kubebwa mgongoni, aitwaye Wande. Waliishi na mama wa marehemu, Bi Kalunde, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko pilipili. Wande ndiye alikuwa kila kitu kwa Nyamizi. Akilima alikuwa naye, akisaga alikuwa naye, na usiku aliamka kumtazama kama anapumua.

Siku moja, mwaka wa mvua nyingi, zimwi lilituma watoto kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Kiraka baada ya kiraka kikawa chekundu, hata mabawabu waliozoea kupigana wakazidiwa. Kiraka cha Nyamizi tu kilibaki kijani, masuke yameinama kwa uzito.

Watu wakaja kutazama, wakainama, wakachungulia majani. Wakaona vidoa vyeusi, vidogo kama tundu la sindano. Ndivyo alivyofanya kazi bawabu wa Nyamizi. Alipozisikia njuga zinalia mlangoni, hakupigana. Alimngoja mtoto wa zimwi aingie, kisha akakichoma moto chumba alichokaa yeye mwenyewe. Wakafa wote wawili, bua likabaki zima. Bawabu wa namna hiyo humpati kila mahali.

Mtemi wa Ulolwa akaita watu wote barazani. Akasema kuanzia mwaka huo nchi nzima itapanda mtama wa Nyamizi, na asiyeutaka ahame. Nyamizi akapewa kigoda cha kukalia mbele ya wazee, akaitwa Mama Mtama, na wanawake waliomzidi umri wakaanza kumpisha njiani. Na zile mbegu nyingine za vibuyuni? Zikasagwa, zikapikwa pombe ya kusherehekea. Watu wakanywa siku tatu.

Bi Kalunde peke yake hakunywa. Alimwambia Nyamizi jikoni kwamba yeye haelewi mambo ya wakubwa, ila anauliza tu: siku bawabu huyo akiwa kiziwi, watu watakula nini? Nyamizi akamjibu kwamba hayo ni maneno ya kijicho, na kama mama hapendi kuona mkwewe anaheshimiwa, basi akae kimya. Bi Kalunde akakaa kimya, na kukaa kimya hakukuwa kazi rahisi kwake.

Mwaka wa kwanza walishiba. Mwaka wa pili walishiba. Mwaka wa tatu vihenge vya nafaka vilijaa mpaka wakajenga vingine, na Wande akawa anakimbia na kuongea kama chiriku.

Lakini ng'ambo ya mlima zimwi lilikuwa linazaa. Na siku moja, katika maelfu kwa maelfu, akazaliwa mtoto mmoja hana njuga. Kilema. Jani halikumsinzilia, na mlango alihangaika nao kutwa nzima. Upepo ukamleta Ulolwa.

Bawabu akasikiliza. Kimya. Bawabu akasikiliza tena. Kimya. Bawabu akasikiliza mara ya tatu. Kimya. Basi akajilaza.

Yule kilema akala, akanenepa, akazaa. Watoto wake wote wakatoka kama yeye, hawana njuga. Wakaingia bua la pili, na bawabu alikuwa yule yule. La tatu, yule yule. Shamba zima, kijiji kizima, nchi nzima, bawabu alikuwa yule yule, naye amelala. Mwezi haukuandama mara mbili Ulolwa ikawa nyekundu yote. Ukipita shambani unatoka nguo zimeiva rangi ya kutu. Jirani akaenda kwa jirani na kapu, wakakutana njiani, kila mmoja na kapu lake tupu.

Watu wakafa, wanangu. Sitawataja, walikuwa wengi.

Waliobaki wakaulizana: nani aliyemwambia zimwi siri ya njuga? Maana kwa akili zao, zimwi lilikuwa limewavua watoto wake njuga kwa makusudi, kwa hiyo lazima yupo mtu aliyekwenda kulinong'oneza. Wakatafuta. Mmoja akakumbuka kwamba Bi Kalunde alikataa kunywa ile pombe. Mwingine akasema alisikia kuwa kibibi huyo alishatabiri bawabu atakuwa kiziwi. Alijuaje?

Mtemi akamwita Nyamizi mbele ya watu, akamuuliza kama ni kweli mama mkwe wake alisema maneno hayo.

Nyamizi alijua maneno yale yalikuwa ya mtu mzima anayeogopa njaa, basi. Alijua pia kwamba wakimwacha Bi Kalunde, macho yatarudi kwake yeye mwenye mbegu. Akatazama chini.

"Alisema," akajibu.

Wakamfukuza Bi Kalunde mchana ule ule, bila jembe, bila chungu. Alipopita mlangoni alimshika Wande kichwani, akamwambia Nyamizi amtunze mtoto vizuri, akaenda zake. Wachunga mbuzi walimkuta baada ya siku nne, amekufa kando ya njia.

Nyamizi aliposikia alilia kwa siri, kisha akajifuta. Alijiambia kwamba pengine kweli alikuwa mchawi. Mtu akitaka kulala usingizi hujiambia mengi.

Basi akasafiri siku nne mpaka kwa shangazi yake, akarudi na mtama mweupe, ambao bawabu wake alijua harufu. Mtemi akafurahi sana. Akaamuru nini? Nchi nzima ipande mtama mweupe. Nanyi mnajua walichofanya na mbegu zilizobakia.

Na bawabu wa njuga alipoondoka, watoto wenye njuga wakarudi kwa wingi, maana hao ndio wenye nguvu. Lakini wote walinuka, na wote waliungulia mlangoni. Mwaka wa kwanza watu walishiba. Mwaka wa pili walishiba. Siku moja akazaliwa mmoja asiye na harufu.

Bawabu akanusa. Hakuna. Bawabu akanusa tena. Hakuna. Bawabu akanusa mara ya tatu. Hakuna. Basi akajilaza.

Nchi ikawa nyekundu. Wakamtafuta msaliti, wakamfukuza mfinyanzi mmoja kwa sababu alichimba udongo karibu na mlima.

Nyamizi akasafiri tena, safari hii siku tisa, akarudi na mtama mfupi mwekundu, ambao bawabu wake alipapasa wageni na kuutambua ukucha. Nchi nzima ikapanda mtama mfupi. Walishiba mwaka mmoja. Mmoja tu. Akazaliwa asiye na ukucha, akajipenyeza kwenye ufa.

Bawabu akapapasa. Laini. Bawabu akapapasa tena. Laini. Bawabu akapapasa mara ya tatu. Laini. Basi akajilaza.

Safari hii vihenge vilikuwa vimefagiliwa mpaka vumbi la chini. Watu walikula mizizi, wakala mlenda wa porini, wakachemsha ngozi za kulalia. Wande alikuwa na miaka kama tisa, na miguu yake ilikuwa myembamba kuliko mpini wa jembe. Aliyekuwa akiongea kutwa sasa alikaa ukutani ananyamaza. Na watu walipomtafuta msaliti, wakaanza kumtazama Nyamizi.

Nyamizi akaona bora aliwe na zimwi kuliko kumtazama mtoto wake akiisha polepole. Akamwacha Wande kwa jirani yake Mbuke, akapanda mlima, ili amjue msaliti ni nani.

Akatembea siku tatu. Akalikuta zimwi limelala ubavu juu ya jabali, kubwa kama kilima, linazaa. Hata lilipomwona halikuacha kuzaa. Nyamizi akaliambia kama ni kula limle, lakini kwanza litaje jina.

"Watu mimi siwali," zimwi likasema. "Jina gani?"

"La aliyekuambia habari za mabawabu wetu. Nani alikuambia uwavue watoto wako njuga?"

"Bawabu ni nini?"

Nyamizi akadhani linamdhihaki. Akalieleza, kwa hasira, habari za yule wa njuga na yule wa harufu na yule wa ukucha. Zimwi likasikiliza, vumbi likilitoka ubavuni.

"Sikuwa na habari hizo," likasema. "Mimi, mwanamke, sina hila. Nazaa tu, na nikizaa sitazami. Wengine hutoka wazima, wengine hutoka na pungufu. Upepo huwachukua. Wanaokufa siwalilii, maana sijui kama wamekufa."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuambia."

"Nani aje huku? Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwona."

Nyamizi akakaa chini juu ya jabali. Alimkumbuka Bi Kalunde, mkono wake juu ya kichwa cha Wande. Alimkumbuka mfinyanzi. Alijua sasa kwamba amemuua mama wa mumewe kwa neno moja, na kwamba neno lenyewe halikuwa na maana yoyote. Akalia mpaka machozi yakaisha, na zimwi likaendelea kuzaa kando yake.

Kisha akauliza wale vilema walikuwa wakifanyaje zamani, enzi za mashamba ya viraka viraka, maana lazima walizaliwa hata wakati huo.

"Walizaliwa," zimwi likasema. "Kwa hayo uliyonieleza, kilema aliingia kiraka kimoja, akienda cha pili akafia mlangoni. Sasa hivi anafungua mlango mmoja, anakuta ameifungua nchi nzima. Milango hiyo sikuijenga mimi."

Nyamizi akauliza swali la mwisho: je, akizaliwa mtoto asiye na njuga, asiye na harufu, na asiye na ukucha, vyote kwa pamoja?

Zimwi likafikiri. "Huyo jani halimsinzilii, halilewi, na mlango hana cha kufungulia. Sijamwona akizaa."

"Hawezi?"

"Sijamwona bado," zimwi likasema. "Lakini nazaa kila siku."

Basi Nyamizi akarudi. Hakupumzika. Alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi, akaomba watu waitwe, akasimama mbele yao akasema yote. Alisema hakuna msaliti na hajawahi kuwepo. Alisema Bi Kalunde alikufa bure, na aliyemuua ni yeye. Watu wakainamisha vichwa, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alichosema siku ile. Mtemi naye alitazama vidole vya miguu yake.

Nyamizi akawaambia la kufanya. Kila mwanamke alikuwa na konzi ya mbegu aliyoficha darini wakati nyingine zikisagwa na kuliwa, huyu ya mtama wa njuga, yule ya mtama wa harufu, mwingine ya mtama wa ukucha. Zisiliwe. Mvua ikinyesha, kila shimo lipandwe aina zote tatu pamoja, ili atakayeponyoka kwenye bua moja akwame kwenye la pili au la tatu. Na masuke yakishachanganya mbelewele, ule unga wa maua yao, watu waweke sikio kila bua, watafute yale ambayo ndani yake wanapumua mabawabu wawili au watatu, wazitunze mbegu hizo.

Wanawake wakamsikiliza. Lakini kila mmoja alikuwa na mtoto nyumbani, na kila mmoja aliijua konzi yake darini. Wakasema moyoni: tutaona Mama Mtama mwenyewe atafanya nini.

Nyumbani kwa Nyamizi palikuwa na vibuyu vitatu vidogo: cha mama yake, cha shangazi yake, na cha ile safari ya siku tisa. Ukivisaga vyote unapata uji wa siku mbili. Siku mbili tu, wanangu, na mvua ilikuwa bado.

Siku ya kwanza Wande alisema, "Mama, nipikie uji."

Nyamizi akamwambia ile ni mbegu, si chakula, akampa maji ya mlenda.

Siku ya pili Wande alisema, "Mama, nipikie uji, hata kidogo."

Nyamizi akakishika kibuyu. Akakitikisa, akazisikia mbegu ndani. Mlangoni alikuwa amesimama Mbuke, na nyuma ya Mbuke wanawake wengine wawili, wanatazama mkono wake. Akakirudisha darini. Akaenda porini kuchimba mizizi, akachimba mpaka kucha zikatoka damu, akapata kiasi cha kiganja.

Siku ya tatu Wande hakuomba.

Siku ya sita mvua ikanyesha. Nchi nzima ikatoka na majembe, na hakuna konzi hata moja iliyokuwa imepikwa. Nyamizi alimlaza Wande mkekani, akamfunika vizuri, akamwambia anarudi sasa hivi. Akapanda mbegu tatu shimoni, akafukia. Tatu shimoni, akafukia. Tatu shimoni, akafukia. Mbuke ndiye aliyemfuata shambani. Alimshika mkono tu, na Nyamizi akajua.

Walimzika Wande mchana, mvua ikinyesha. Walipomaliza, Nyamizi alirudi shambani, kwa sababu kibuyu cha tatu kilikuwa na mbegu bado.

Vumbi jekundu lilikuja mwaka ule pia. Mtoto asiye na njuga aliponyoka bua la kwanza, akaungulia la pili. Asiye na harufu aliponyoka la pili, akaungulia la tatu. Majani yalijaa vidoa vyeusi vya tundu la sindano. Hapa na pale mabua yalikuwa mekundu, tena mengi kuliko watu walivyopenda. Lakini walivuna. Hawakujaza vihenge, walivuna cha kula.

Uji wa kwanza wa mtama ule Mbuke alimletea Nyamizi. Nyamizi akalishika bakuli mpaka likapoa. Watoto wa Mbuke walikuwa nje wanapigana kwa sababu ya ukoko wa chungu, na kelele zao zilifika mpaka ndani. Nyamizi akaunywa uji wote, akiwa analia, akarudisha bakuli. Kisha akamuuliza Mbuke kama ameanza kuweka sikio kwenye mabua yale ya upande wa mtoni, maana mwaka ujao uko karibu.

Hadithi yangu inakomea hapa, na mimi nakomea nayo. Zimwi lile halikufa, asiwadanganye mtu. Linazaa mpaka leo. Mkipata mlinzi mzuri msimwachie nchi nzima ailinde peke yake, hata akiwa mzuri namna gani. Na mambo yakiharibika, kabla hamjamtafuta mchawi, kwanza nendeni mkatazame mlivyopanda.